Kilio Huanza Mfiwa

Gari la wagonjwa lilikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo. Mtoto alikuwa na miaka sita, homa ilimpanda tangu alfajiri, na zahanati ilikwisha kuandika kwamba apelekwe hospitali ya wilaya. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akapanda bodaboda, na walipovuka daraja la pili mtoto alinyamaza. Siku ya maziko mshereheshaji alishika maikrofoni chini ya turubai, akasema yanayosemwa katika misiba yetu yote: tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi, kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Mama aliyekaa mkekani akainua kichwa, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakipakua wali nyuma ya nyumba: "Makosa yapo. Gari halikuwa na mafuta."

Wanawake watatu walimzunguka palepale. "Nyamaza, dada. Usimkufuru Mungu." Akanyamaza.

Mimi ni mzee wa kanisa. Siku ya nne nilitumwa kwake na Biblia yangu, nikamsomea habari za wana wa Israeli walionung'unika jangwani, nikamshauri atubu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, mzee," kisha akachukua ndoo kwenda kuteka maji. Aliendelea kuja ibadani miezi kadhaa, akikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Baadaye lile benchi likabaki tupu.

Msimamo niliompelekea siku ile umeenea kwetu kiasi kwamba hauonekani tena kuwa msimamo. Unaonekana kuwa Ukristo wenyewe. Unasema hivi: anayeamini kwamba Mungu ni mwema hupokea kila kinachomfika, hushukuru kwa lote, hafungui kinywa kuuliza. Akiuliza, imani imepungua. Akilalamika, amekufuru. Kwa hesabu hiyo wema wa Mungu unalindwa na ukimya wa wanaoumia, na kazi yetu tuliobaki ni kuhakikisha ukimya huo hauvunjwi. Nimekuja kuukana msimamo huo. Naona haukutoka katika Maandiko, haumheshimu Mungu kama unavyodhani, na kuna watu unaowafaa sana ambao hawastahili kufaidika nao.

Najua wanaoushikilia si watu wabaya. Bibi yangu alizika watoto wanne kati ya tisa, na alikuwa akisema maneno hayohayo: kazi ya Mungu haina makosa. Sikuthubutu kumsahihisha, wala leo nisingethubutu. Lakini yeye aliyasema akiwa amelia miaka mingi, na aliyasema juu ya makaburi yake mwenyewe. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa ndiye anayetoa sauti ya kwanza. Sisi wengine tunamfuata, tukipanda anapopanda na kushuka anaposhuka. Siku hizi tumeugeuza utaratibu huo. Wa mbali ndiye mwenye maikrofoni, naye mfiwa anatakiwa kuitikia. Neno lilelile ambalo kinywani mwa bibi lilikuwa ushuhuda, likitoka kwa mtu aliyekuja na bahasha ya rambirambi na atakayeondoka kabla ya magharibi, linakuwa kifuniko juu ya sufuria inayochemka.

Ngome kuu ya wanaotetea ukimya ni Ayubu. Ule mstari wa 21 wa sura ya kwanza, wa Bwana kutoa na Bwana kutwaa, umeandikwa kwenye misalaba ya makaburini, kwenye fulana za msiba, kwenye vijarida vya ibada ya maziko. Ni mstari mzuri, na Ayubu aliusema kwa moyo wake wote. Tatizo ni kwamba kitabu kina sura 42, na sisi tumekwisha kutoka nje ya kanisa baada ya hiyo ya kwanza. Sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anamdai Mungu kesi: aitwe, asikilizwe, aonyeshwe kosa lake ni lipi. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na huo ndio utumishi bora walioufanya katika kitabu kizima. Walipofumbua vinywa walisema niliyoyasema mimi kwa yule mama: Mungu hakosei, jichunguze, tubu, mambo yatakunyookea. Hotuba zao zingepata amina nyingi sana chini ya turubai zetu.

Mwishoni Mungu anawakasirikia watetezi wake na kumpa haki mlalamikaji. Wale watatu wanaamriwa kupeleka ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, kisha waombewe na yuleyule waliyekuwa wakimshauri atubu. Ni kweli Ayubu naye aliulizwa maswali mazito kutoka katika upepo wa kisulisuli, akaweka mkono kinywani. Lakini aliyemuuliza alikuwa Mungu mwenyewe, si mshereheshaji. Tena alimjia kwa sababu alikuwa ameitwa, sura baada ya sura.

Tuna mkasi, na tunautumia sana. Wimbo tunaoupenda kuhusu uaminifu wa Mungu ulio mkuu umechotwa Maombolezo sura ya tatu. Kitabu hicho kina sura tano za kuulilia mji wa Yerusalemu uliobomolewa na Wababeli, na maneno hayo ya faraja yako katikati kabisa, kilio kikiwa mbele yake na kilio kikiwa nyuma yake. Kitabu hakifungwi kwa faraja hiyo. Kinafungwa kwa hofu kwamba pengine Mungu amewakataa watu wake moja kwa moja. Aliyekipanga angeweza kuihamisha faraja aiweke mwisho, watu watoke wakiwa wamechangamka, kama sisi tunavyopanga ratiba ya kwaya. Hakuihamisha.

Warumi sura ya nane nayo imekatwa hivyohivyo. Mstari wa 28, kwamba mambo yote Mungu huyafanyia kazi yawe mema kwa wampendao, ndio unaofikishwa kwa mfiwa haraka zaidi hata kuliko chai. Aliyeusoma mstari wa 28 bila kupitia wa 22, wa 23 na wa 26 ameingia nyumbani kwa watu kupitia dirishani. Katika mistari hiyo mitatu viumbe vyote vinaugua, sisi wenye Roho tunaugua, na Roho mwenyewe anaugua akituombea. Biblia ya Union Version imetumia neno hilohilo mara zote tatu, na Kiswahili hapo kimetupa zawadi, kwa kuwa kwetu kuugua ni kupiga kite kwa maumivu na pia ni kuwa mgonjwa. Kwa hiyo Roho wa Mungu, kabla ya kutuahidi lolote kuhusu mema, yuko kitandani pamoja na mgonjwa. Huyo ndiye tunayedai anakwazwa na mama anayelia.

Hata historia ya Kanisa katika pwani yetu tumeipitishia mkasi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Wahubiri hupenda kusimulia barua aliyoiandika kwa waliomtuma: kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, na kaburi hilo ni dalili kwamba vita vimeanza na wakati umefika. Barua ya kishujaa kweli. Wasichosimulia ni kwamba huyo hakuwa mtoto wake wa kwanza kuzikwa Afrika. Kabla ya kufika Mombasa, safarini katika nyika za upande wa Uhabeshi, Rosine alijifungua binti kabla ya siku zake, naye hakuishi. Krapf alimpa jina la Kiamhari, Eneba. Maana yake ni chozi. Mtu aliyeandika barua ile ndiye aliyembatiza mwanawe kwa jina la Chozi, na nijuavyo hakuona kwamba jambo moja linalifuta lingine.

Sasa nifike kwenye silaha niliyoitumia mimi mwenyewe, maana ndiyo nzito kuliko zote: wana wa Israeli. Je, hawakunung'unika? Je, hawakuadhibiwa? Ndiyo, na aliye na shaka asome Hesabu sura ya 11. Moto unashuka kambini kwa sababu ya manung'uniko, na baadaye pigo linakuja na nyama ikiwa bado menoni mwao. Ila katika sura hiyohiyo kuna mlalamikaji mwingine, naye ni Musa. Anamuuliza Mungu kwa nini amemtendea mabaya, kwani yeye ndiye aliyewachukulia mimba watu hawa hata awabebe kifuani. Na kama mambo ndiyo haya, basi amuue yaishe. Maneno hayo ni makali kuliko lolote lililosemwa na yule mama mkekani. Mungu hakumpiga. Alimpa wazee sabini wa kumsaidia mzigo.

Tofauti iko wapi? Watu walisemezana wao kwa wao juu ya Mungu, wakitamani samaki na matango ya Misri. Walikuwa wamekwisha kumpa kisogo. Musa alimgeukia Mungu akamwambia yeye. Manung'uniko husemwa kisogoni, maombolezo husemwa usoni. Mswahili hata sikio lake linamsaidia hapa: kuomba na kuomboleza yanasikika kama ndugu. Nilimsomea yule mama nusu ya sura, na nusu hiyo haikumhusu. Yeye hakutaka kurudi Misri. Alisema ukweli mbele ya jeneza, katika ibada, mahali ambapo jina la Mungu lilikuwa limetajwa dakika hiyohiyo. Alichokuwa nacho ni shauri, na alilipeleka mahali penyewe.

Na shauri lake lilikuwa na mshtakiwa. Hapa ndipo msimamo huu unaponiudhi kuliko kwingine kote, kwa sababu hapa unaacha kuwa kosa la wapole na kuwa mali ya wajanja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzipanga namba hizo mbili na kuona kilichotokea. Ukisimama mbele ya majeneza hayo ukasema kazi ya Mungu haina makosa, umemkabidhi Mungu hesabu ya abiria ambayo alipaswa kuifanya mtu aliyekuwa akipakia. Umelichukua kosa la binadamu ukalifunika joho la kikuhani. Huko ni kumsingizia Mungu, na ajabu ni kwamba tunakuita kumcha.

Watawala wanalijua hili vizuri. Februari 1977, nchini Uganda, maaskofu wa Kanisa la Anglikana walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu wa askari wake. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa na kuuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwili haukuletwa Kampala. Ulipelekwa kuzikwa kijijini kwake, Mucwini. Jumapili iliyofuata waumini kwa maelfu walikusanyika Namirembe kuzunguka kaburi lililokuwa limechimbwa na ndani hamna kitu. Fikiria Kanisa lile lingekuwa limefundwa vizuri katika elimu yetu ya kunyamaza. Ajali ni ajali, mapenzi ya Mungu yametimia, tumshukuru kwa lote. Amin angetaka nini zaidi? Walichofanya maaskofu wale kilikuwa kinyume: kwa kuwa waliamini Mungu ni mwema, waliyaita mauaji mauaji, na wakaweka sahihi zao chini yake. Mtu anayejua kwamba jua lipo ndiye anayeweza kusema hapa pana giza.

Kuna wenzetu wa makanisa mapya watakaonipigia makofi mpaka hapa, wakidhani nawaunga mkono. Hao hawasemi kazi ya Mungu haina makosa. Wanasema ugonjwa si wako, ukatae. Panda mbegu, chukua mafuta, tamka ushindi. Sitawatumia karatasi nyingi. Wao na mshereheshaji wetu wanaonekana kuwa mahasimu, lakini ukimuuliza mgonjwa atakwambia wamemfanyia jambo moja. Mmoja alimwambia usilie kwa sababu Mungu ndiye aliyefanya. Mwingine akamwambia usilie, maana machozi yanampa shetani nafasi. Mgonjwa akafa akiwa mkavu wa macho, na siku ya tatu wote wawili walihubiri kwenye matanga.

Je, wema wa Mungu ni nini basi, kama si jina lingine la kila kitu kinachotokea? Nenda Yohana sura ya 11. Martha anamkuta Yesu njiani, anamwambia kama angekuwepo ndugu yake asingekufa. Mariamu naye anakuja na neno hilohilo, bila shaka walikwisha kuliambizana siku zote nne. Ni lawama, hata ukiisoma kwa upole kiasi gani. Yesu hamwambii hata mmoja wao jikaze. Hasemi Baba alimpenda Lazaro zaidi. Analia, naye ndiye aliyejua kwamba baada ya dakika chache kaburi litafunguliwa! Kama yeye, akijua hivyo, alilia, mimi ninayejua kidogo sana nina haraka ya nini ya kukausha macho ya watu? Paulo anakiita kifo adui, adui wa mwisho. Sisi tumempandisha cheo, tumemfanya mjumbe wa upendo wa Mungu, tena anayepita nyumba kwa nyumba kuchukua wanaopendwa zaidi. Yule mama alikuwa na watoto wengine watatu. Waliketi pale wakisikia kwamba Mungu akikupenda zaidi anakuchukua.

Angalia watoto wa mtaani kwenu. Mwenye baba mwema akianguka analia njia nzima mpaka mlangoni, na sauti inazidi akimwona baba. Mwenye baba wa fimbo akianguka hujifuta, hujikung'uta vumbi, huingia ndani kimya. Mgeni akiwatembelea atamsifu huyo wa pili kwa adabu yake.

Watu wa madhehebu yangu, sisi Walutheri, tunajivunia sana neno la mwenye haki kuishi kwa imani. Paulo alilitumia kuufungua waraka wa Warumi, na Martin Luther akapata pa kusimamia. Ni wachache wanaokumbuka lilitoka wapi. Lilitoka kwa Habakuki, na Habakuki alifungua kitabu chake kwa kumuuliza Mungu atalia mpaka lini bila kusikilizwa. Hakupata jibu la kumridhisha, akalalamika mara ya pili, akapanda kwenye zamu yake juu ya mnara kungoja aone atajibiwa nini kuhusu lalamiko lake. Neno la imani alipewa akiwa huko juu. Hakuambiwa ashuke kwanza atubu.

Wengi hunijibu kwa Paulo tena, 1 Wathesalonike 4:13, kwamba tusihuzunike. Mkasi mwingine huo. Paulo alisema tusihuzunike kama wasio na matumaini. Hakusema tuwe na matumaini kama wasio na huzuni.

Mwaka jana bibi wa yule mtoto, mama mzazi wa yule mama, alifariki akiwa mzee wa siku nyingi. Jioni ya kuamkia maziko niliitwa nyumbani kwao. Nilikwenda nikiwa na aibu, kwa sababu tangu ile siku ya ndoo sikuwa nimekanyaga pale. Alinipa kiti, akasema, "Mzee, kesho neno utasoma wewe. Zaburi ya 88." Nilimuuliza kama ana hakika. Katika zaburi zote 150, nyingi za kilio hugeuka mahali fulani, hata kwa mstari mmoja, zikamsifu Mungu. Hiyo haigeuki. Inamwita Mungu wa wokovu katika mstari wa kwanza, inaendelea kumwambia yeye tu mpaka mwisho, na inaishia gizani. "Nina hakika," akasema. "Niliisoma miaka yote hii nikiwa nyumbani."

Niliisoma yote. Nilipofika mwisho mchungaji alinitazama, akingoja niongeze mistari miwili mitatu ya kufariji, na mshereheshaji alikwisha kuinuka, maikrofoni mkononi. Nilimwashiria akae kidogo. Palikuwa kimya mpaka turubai likasikika likipigwa na upepo. Kisha yule mama akaanza kulia, kwa sauti ya juu, na mimi nilijua si kwa ajili ya mama yake peke yake. Wadogo zake wakaingia, kisha wanawake waliokuwa jikoni, kisha sisi.